Kura za Matusi

Walimleta Lusajo kwa toroli la kubebea matofali, mchana kweupe, soko limejaa watu, maana waliomuua hawakuwa na haja ya giza. Giza ni la wezi wa kuku. Wezi wa kura wa Itunguru huua jua likiwa utosini, hunawa mikono kwenye bomba la halmashauri, kisha hukaa wakaagiza supu.

Toroli lilisimama mbele ya ofisi ya gazeti la Chachu. Mwenye gazeti, Sekela Mwandemele, alitoka na wino mpaka viwikoni. Aliona kwanza viatu, akavijua. Halafu akaona shingo. Ilikuwa imebonyea kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe.

"Dada," alisema aliyekuwa akisukuma, na huyo ni mdogo wake wa tumbo moja, Ipyana, mgombea udiwani aliyetangazwa juzi kuwa ameshindwa. "Huyu hapa wakala wangu. Mtoto wa mama yetu mdogo. Mwangalie vizuri."

"Namwona."

"Alisimama sokoni akasema kura zimechezewa. Vijana wa Kandonga wakamwambia, kama ugonjwa wako ni sauti, tukutibu. Wakamlaza chali, mmoja akamkanyaga kooni. Mmoja tu, Dada! Wengine walishika miguu huku wanacheka. Na watu wanaangalia, wameshika nyanya zao!"

Nyuma ya Ipyana vijana wa kata walikuwa wameziba barabara, na mikononi mwao hamkuwa na nyanya. Nondo, mapanga, vipande vya tofali. Mmoja alikuwa na damu shavuni ambayo haikuwa yake.

"Hiyo damu ya nani?" Sekela akauliza.

"Ya fundi cherehani wa pale kona. Tumemkuta amevaa kofia ya Kandonga."

"Kofia waligawa bure. Hata mbuzi wangu walimvika."

"Basi mbuzi wako naye ajiangalie, mama."

Wakacheka. Maiti iko katikati yao, inzi wameshaanza kazi, na wao wanacheka. Sekela alilijua cheko hilo. Mji wa Itunguru husahau haraka, lakini yeye hakujaliwa kusahau. Aliukumbuka uchaguzi wa masanduku, sanduku la Kata ya Juu lilipokutwa mtoni limejaa kokoto, na baba yake akavunjwa mguu kwa kosa la kuliopoa. Wakubwa wakasema karatasi ndiyo mbaya, tupigeni kura kwa vidole. Ulipokuja uchaguzi wa vidole, maiti zikaanza kutoka mochwari zimepungukiwa vidole gumba, na mwandishi aliyeiandika habari hiyo akapunguziwa vyake akiwa hai. Wakubwa wakasema vidole ndivyo vibaya. Tukapewa sauti.

Sauti, walisema, haikatwi kwa kisu. Mpiga kura anaingia kibandani, kuta zote zimetandikwa magodoro hata unausikia moyo wako, anataja jina la amtakaye, anatoka. Mtambo unaitambua sauti kuwa ni yake, unaihesabu, kisha unazisuka sauti zote za kata ziwe kitu kimoja, fundo, lisilochomoka uzi hata mmoja. Ukitaka kumsikia mmoja, uwasikie wote, mwanzo hadi mwisho. Fundo hukabidhiwa gazeti la mji lililee, na hufunguka kwa sauti ya mhariri peke yake. Diwani akishaapa, fundo huyeyuka, siri ya kila mtu ikazikwa nalo. Sheria nzuri. Sheria zetu zote ni nzuri kama godoro jipya. Uliza tu nani anayelilalia.

Fundo la Kata ya Mashineni lilikuwa ndani ya ofisi ya Chachu, jeusi, dogo kama punje ya hindi. Na Kandonga, aliyetangazwa mshindi, alikuwa anaapishwa kesho adhuhuri.

"Fungua fundo," Ipyana akasema.

"Nikifungua, kila mtu atasikia jirani yake alimtaja nani."

"Ndicho tunachotaka!" vijana wakapokea.

"Najua ndicho mnachotaka. Ndiyo maana sifungui."

Tofali lilipita karibu na sikio lake, likavunja dirisha la ofisi. Ipyana hakugeuka kuuliza nani amelirusha.

*

Kwamba wameibiwa, Sekela alijua. Hilo ndilo lililomkaba.

Chachu lilibandikwa ukutani kila Jumatatu, lakini uhai wake ulikuwa kijiweni: kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo, nje ya mashine ya kusaga ya Mzee Asukile. Yeyote aliyesubiri unga wake aliweza kusema lake, likarekodiwa na kuingia kwenye blogu ya Chachu, mji mzima ukasikiliza na kumjibu. Sasa mashine inanguruma, mkanda unachapa, pumba zinaruka; anayetaka kusikika lazima apayuke. Ndiyo maana watu wa Itunguru hupayuka hata wakiombea chakula. Wamelelewa kushindana na mashine.

Mlezi wa fundo anaruhusiwa kuonja. Fundo lenyewe humchagulia sauti chache, naye huzisikia peke yake, kama mpishi anavyolamba mwiko. Sekela alionja juzi, akiwa ameegemea meza yake na kikombe cha chai mkononi.

"KANDONGA!"

Chai ilimmwagikia mapajani. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Mwaijande, ambaye Sekela mwenyewe alisoma wasifu wake makaburini. Lakini si kufufuka kulikomshtua. Ni kelele. Nani anapayuka ndani ya kibanda cha magodoro? Akarudi kwenye hazina ya kijiwe, akamtafuta Mwalimu, akampata, mashine inanguruma nyuma yake: "KANDONGA ni mwizi wa mabati ya shule, na mama yake anajua!"

Watu wa Kandonga walikata neno la kwanza. Walisafisha mngurumo, wakaufuta kabisa. Kelele ya mtu hawakuweza kuifuta, au hawakuisikia, kwa sababu nao ni watu wa Itunguru, na kwao hiyo si kelele, ndivyo watu wanavyoongea.

Sauti ya pili ilikuwa ya kijana aliyehamia machimboni zamani. Kijiweni alikuwa amesema: "KANDONGA, Mungu akulaze na njaa kama ulivyomlaza bibi yangu!" Naye alikuwa amepiga kura.

Hapo akaelewa. Kadiri ulivyomlaani Kandonga, ndivyo ulivyompigia kura. Wafu wote, waliohama wote, kila aliyewahi kulitema jina lile kwa uchungu pale mashineni, alikuwa amemchagua. Na kata ile ilikuwa imemlaani miaka nenda miaka rudi. Mwizi alikuwa na ghala!

Halafu ikaja sauti ya tatu. Ya mwanamke. Ya chini, ya taratibu, ya mtu aliye peke yake.

"Kandonga."

Huyo hakupayuka. Huyo hakuwahi kusimama kijiweni maisha yake yote. Ilikuwa kura halali, ya Tumpe, mke wa Lusajo.

Sekela alikwenda kwa hakimu. Hakimu akamwambia alete malalamiko baada ya kiapo, fundo likishayeyuka. Yaani umshtaki mwizi wa kuku ukisubiri kwanza amalize kuguguna mifupa. Na mchana huu, Lusajo hajapoa, blogu ya Mwanga Mpya, ile inayokula mezani kwa Kandonga, ilikuwa imeandika: Wakala ajikwaa sokoni, afariki. Ajikwaa! Kwa koo! Chini yake watu walikuwa wakichangia. Mmoja aliandika kwamba dada analea fundo na kaka kashindwa, basi tutasikia mengi. Mwingine akajibu kwamba anayemlilia Lusajo akajikwae naye. Mwingine akaweka majina ya mitaa ya kuanzia.

Ipyana alipokwisha kuondoka na maiti, waliomjia Sekela hawakuwa vijana wake. Walikuja wa Kandonga, alasiri, na petroli kwenye dumu la mafuta ya kula. Aliwasikia uani. Alipata nafasi ya kufanya jambo moja tu, akalifanya: alilitoa fundo kasikini akalitia kinywani, chini ya ulimi.

"Liko wapi, mama?"

Akabana midomo.

"Huyu si ndiye mwenye mdomo? Kila Jumatatu mdomo, mdomo! Leo umekwenda wapi?"

Walimpiga kwa mtaimbo wa mlango wake mwenyewe. Walimpiga magotini, kisha mbavuni, kisha mmoja aliyekuwa na haraka akampiga mdomoni. Sekela alihisi meno yakiachia. Aliyasukuma nje kwa ulimi, taratibu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, meno yakadondoka sakafuni pamoja na damu, na punje ya hindi ikabaki. Wakayaona meno. Wakacheka, wakaridhika. Wakawasha moto, wakamburuta nje kwa nywele ili auone vizuri.

Mtambo wa kuchapia ulikuwa wa babu wa babu, wa chuma, haukuungua. Karatasi ziliungua. Hazina yote ya kijiwe ingeungua pia, kama isingekuwa imetapakaa kwenye simu za mji mzima. Mwizi hajui kwamba maneno hayakai ofisini.

*

Aliyemkuta pale uani na kumwosha uso alikuwa Tumpe. Alikuwa amejifunga kaniki ya msiba kiunoni na macho yake yalikuwa makavu.

"Wifi, fungua," akasema.

Sekela alitema fundo kiganjani. "Nenda kamlilie mume wako."

"Nimemlilia. Sasa fungua."

"Tumpe, hujui unachokiomba."

"Najua. Umeonja, ukanikuta. Nilijua tangu juzi uliponiangalia bombani kama mtu aliyemwona mwenzake uchi."

 Sekela akauliza lile lililomkera kwa siku zote hizo: "Kwa nini yeye? Kwa nini yule?"

"Kwa sababu gari lilikuja." Tumpe alikamua kitambaa, maji mekundu yakamiminika. "Siku mtoto alipokwama tumboni, Lusajo alikuwa kwenye kikao cha mdogo wako. Nilituma watu. Wakaambiwa kikao hakijafika mwisho. Kandonga akaleta gari. Mtoto alikufa, sawa, lakini mimi niko hapa. Ni mwizi yule, hunifundishi. Nimewapikia vikao vyenu miaka yote, Ipyana hajawahi kuniuliza hata kaburi la mwanangu liko upande gani. Nikaingia kwenye kile kibanda, kimya, hakuna mume, hakuna mawifi. Nikasema nilichotaka. Basi."

"Lusajo alijua?"

"Amekufa akipigania kura yangu akidhani ni yenu."

Moto ulikuwa unakula mwamba wa mwisho wa paa. Sekela aliongea kwa shida, hewa ikipita palipokuwa na meno. "Watakuua. Wamemvunja taya fundi kwa ajili ya kofia, sembuse wewe. Toroka. Nenda kwenu sasa hivi, nitafungua ukishavuka mto."

"Nikitoroka nitakuwa nimekiri kosa. Kosa gani?"

"Basi sifungui. Aapishwe, tupambane mwakani."

"Mwakani!" Tumpe akacheka kicheko cha puani. "Masanduku, vidole, sauti, mwakani watatuambia tupige kura kwa mate. Wewe ndiye unayetubandikia ukutani kila Jumatatu kwamba tusisahau. Leo unataka mji mzima usahau kwa ajili ya shingo yangu? Na shingo ya Lusajo je? Fungua, wifi. Usinifanye mimi kuwa kisingizio."

 Sekela aliona kwamba akikataa, anamzika Lusajo na wizi ndani ya kaburi moja. Akikubali, anachimba la pili. Hapakuwa na mlango wa tatu. Wanaosema daima upo mlango wa tatu hawajawahi kukaa kwenye kata yetu.

*

Alilifungua kesho yake asubuhi kwenye uwanja wa mpira, kabla ya muda wa kiapo. Polisi walikuwepo, ndani ya gari lao, vioo wamepandisha. Mji ulikuwa umejaa hadi juu ya miti ya magoli. Ipyana alisimama kando yake jukwaani, shati jeupe, kama bwana harusi.

"Mimi Sekela binti Mwandemele, mlezi, nafungua." Aliogopa fundo litamkana kwa pengo la yale meno. Halikumkana.

Spika za uwanja zilikwaruza. Kisha wafu wakaanza kusema.

"KANDONGA!" alipayuka Mwalimu Mwaijande, na wanafunzi wake, wenye mvi sasa, wakavua kofia bila kujua wanavua. "KANDONGA!" alipayuka mchoma mkaa aliyeliwa na mamba. "KANDONGA!" "KANDONGA!" Mama mmoja alimtambua binti yake, akapasua umati kwa viwiko, akaikumbatia spika kwa mikono miwili, ikabidi aachwe hapo hapo, kifua chake kikitetemeka na kila jina.

Kila mfu aliposema, Sekela alichezesha kutoka kwenye simu lile tusi lake zima la kijiweni, fundo likiendelea, na mngurumo wa mashine nyuma yake. Mwizi wa mabati. Mla rambirambi. Fisi mwenye tai. Watu walilia, kisha katikati ya kulia wakaanza kucheka, kisha cheko likageuka kitu kingine. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Anayepayuka, kaibiwa. Hata mtoto alielewa.

Kandonga alikuwa ameshapanda gari. Baadhi ya vijana wake hawakuwahi. Yule aliyemkanyaga Lusajo walimkamata kwenye lango, wakamfunga kwa wavu wa goli, na walichomfanyia hapo, kwa viatu, kwa zamu, kilichukua muda, na Sekela alikiona chote, na Mungu amsamehe, hakusema acheni.

Ndipo wakaja walio hai.

"Mwandemele," ilisema sauti ya chini, na uwanja ukashangilia. "Mwandemele." "Mwandemele." Ipyana aliinua ngumi. Alikuwa ameshinda kweli. Hilo nalo liandikwe. Alikuwa ameshinda kwa haki, kwa sauti za chini za watu walio hai.

"Kandonga," ikasema sauti iliyochoka. Haikupayuka.

Vichwa viligeuka kama majani upepo unapobadilika. Mzee Asukile, mwenye mashine, alikuwa amesimama karibu na jukwaa na unga kwenye nyusi zake.

"Wanangu," alisema, "mimi umeme wangu ulikuwa..."

Nondo ilimpata kabla hajaeleza habari za umeme. Alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, kisha akalala.

"Acheni!" Sekela alipayuka kwenye kipaza sauti. "Acheni! Huyo kapiga kura yake! Ipyana, waambie!"

Ipyana alikuwa anatazama mbele. "Ni hasira ya wananchi, Dada."

"Wananchi wako! Waambie!"

"Ulifungua mwenyewe."

Sekela alijaribu kuling'oa fundo. Fundo likishaanza halina kizuizi. Ndivyo lilivyotengenezwa, asije mtu akalikatiza panapomfaa. Mwandemele, Mwandemele, Mwandemele. Kandonga. Huyo alikuwa muuza dagaa, alikuwa ameshaanza kukimbia kabla sauti yake haijafika, wakampata kwenye mstari wa pembeni. Mwandemele. Halafu ikaja ile sauti ya tatu, ya taratibu, ya mtu aliye peke yake.

"Kandonga."

"Hiyo ya kughushi!" Sekela akasema.

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Maisha yake yote ya kubandika gazeti, kwa njaa, kwa vitisho, kwa moto, hakuwahi kuandika kitu alichojua si kweli.

"Mbona hakupayuka?" kijana mmoja akauliza kutoka chini.

"Nasema ya kughushi! Mlezi ni mimi au ni wewe? Wameikata, wameipunguza sauti. Mke wa Lusajo huyo! Mke wa Lusajo atamtajaje Kandonga?"

Kwa pumzi moja ilielekea wangekubali. Walitaka kukubali. Mjane ni mjane. Kijana aliyeuliza alishusha nondo yake.

Lakini Tumpe alikuwa amesimama. Kaniki yake nyeusi ilionekana uwanja mzima. Hakuwa na kipaza sauti na hakupayuka, na bado alisikika, maana wote walikuwa wamenyamaza kumtazama.

"Wifi, hapana. Hiyo ni yangu."

"Tumpe, kaa chini!"

"Wameiba za wafu. Wewe unataka kuiba yangu mimi niliye hai?" Akageukia watu. "Nilimtaja Kandonga. Nilisema kwa mdomo wangu. Mmeibiwa, ni kweli, nami ndiye niliyemwambia afungue mjue. Na yangu ihesabiwe."

Kimya kilichofuata kingeweza kuanguka upande wowote. Sekela aliapa baadaye kwamba kilikuwa kinaanguka upande mzuri, kwamba aliona mabega yakilegea. Ni sauti moja iliyokisukuma, na ilitoka jukwaani, ubavuni kwake, kwenye kipaza sauti.

"Mume wako hajaoza, shemeji!" alisema Ipyana. "Hajaoza bado!"

Tofali la kwanza lilimpata Tumpe begani. Hakukimbia, alijifunga vizuri kaniki. La pili lilimpata usoni. Sekela aliruka kutoka jukwaani na goti lile lililopigwa likamsaliti, akaenda kwa mikono na tumbo, akapita kati ya miguu ya watu aliowajua majina, aliowaandikia misiba na harusi zao, akamfikia, akamlalia. Walimpiga yeye mgongoni mpaka walipomtambua. Kisha wakamvuta pembeni kwa adabu kabisa, "Samahani, mama, samahani," wakarudi kumalizia.

Fundo liliendelea. Mwandemele, Mwandemele, Kandonga, Mwandemele. Hakuna aliyekuwa anasikiliza tena.

*

Kandonga hakuonekana Itunguru tena. Halmashauri, ambayo huwa na usingizi mzito, iliamka ghafla ikatangaza kwamba haki imetendeka na diwani halali ataapishwa Jumatatu. Mwanga Mpya waligeuza blogu yao saa ile ile. Ukurasa wao ulikuwa na picha ya Ipyana katika shati jeupe.

Sekela alikuwa amesimamisha mtambo wake wa chuma kwenye banda la mbuzi, maana ofisi haikuwa na paa. Alikuwa anapanga herufi kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umefungwa kwenye ubao. Ipyana aliingia akiinama, akatafuta mahali pa kukaa, hakupata, akabaki kasimama.

"Pole, Dada."

"Asante."

"Unaandika nini?"

"Soma."

Alisoma herufi zikiwa zimegeuzwa, kama walivyofundishwa utotoni na baba yao. Alisoma idadi ya kura za wafu. Alisoma idadi ya kura zake mwenyewe, halali, ushindi wake. Alisogea chini. Midomo yake ikaacha kucheza.

"Umeandika waliorusha."

"Wote niliowaona. Na wote niliowasikia."

"Umeanza na mimi. Mimi sikurusha kitu!"

"Ndiyo. Nimeandika ulichosema. Neno kwa neno, sijakata la kwanza wala la mwisho."

Ipyana alivuta pumzi kwa hasira, kisha akalainisha sauti, na Sekela akasikia kwa mara ya kwanza jinsi mdogo wake atakavyokuwa akihutubia miaka yote ijayo. "Dada. Fikiria. Hii ikibandikwa, mimi nimekwisha. Nikiisha mimi, anarudi yule au anakuja mfano wake. Lusajo atakuwa kafa kwa nini? Waandike wafu. Walio hai waache, mji upumue. Halafu hayo ya Tumpe... sema ile kura ilikuwa ya kughushi. Wewe mwenyewe ulisema, watu walisikia. Tumzike kama mjane wa shujaa, kwa heshima. Si ni kwa faida yake?"

Sekela alichukua rola ya wino.

"Mimi ni diwani wako sasa," Ipyana akasema.

"Ndiyo. Hilo liko juu kabisa, kwa herufi kubwa."

Ipyana aliweka kiganja chake juu ya herufi, kiganja kizima, akaegemea. Mtu mwenye nguvu. Angeweza kuzimwaga zote zikatapakaa kwenye kinyesi cha mbuzi. Sekela alingoja kidogo. Halafu akapitisha rola, taratibu, juu ya majina na juu ya vidole vya mdogo wake pamoja, akarudi, akapitisha tena. Ipyana akautoa mkono. Ulikuwa mweusi mpaka kifundoni. Akautazama, akatafuta pa kuufutia, akalikumbuka shati lake. Akatoka ameuning'iniza mbali na mwili.

Sekela aliweka karatasi, akabana, akaivuta bado mbichi. Mistari ya mwisho ilisema hivi:

Tumpe Lusajo, wa Kata ya Mashineni. Alimchagua Kandonga. Kura moja. Halali. Imehesabiwa.